Idadi ni Ushahidi

Vijana wanaokuja barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, kujifunza Kirusi kabla ya kwenda masomoni huwa na haraka. Wamepata ufadhili, tarehe ya safari inakaribia, na karibu wote wanataka niwape namba kwanza, maana wameambiwa kuwa sokoni na kwenye treni za chini ya ardhi asiyejua namba ni sawa na kiziwi. Wana haki. Nami huwapa siku ya kwanza: odin, dva, tri, chetire, pyat, shest, syem, vosyem, devyat, desyat. Odin hutamkwa adin, kwa kuwa o isiyo na mkazo kwa Warusi huelekea kuwa a. Ile t ya mwisho katika pyat hulainishwa, ulimi ukagusa kaakaa kana kwamba unataka kuongeza y kisha ukaghairi. Jioni chache za mazoezi, na kijana anafika kumi bila kusita.

Kuanzia 11 Mswahili hufurahi. Odinnadtsat ni "moja juu ya kumi" iliyogandamana, na ile silabi ya katikati, na, inakaa palepale inapokaa na yetu katika kumi na moja, ingawa kwao maana yake ni juu ya. Dvenadtsat, trinadtsat, hivyo hivyo hadi devyatnadtsat. Dvadtsat ni makumi mawili, tridtsat makumi matatu. Kwenye 40 safu inavunjika: sorok, neno ambalo wengi hulihusisha na fungu la ngozi arobaini za sobol, mnyama mdogo wa misitu ya Siberia, zilizokuwa zikiuzwa pamoja. Pyatdesyat ni 50, devyanosto ni 90, sto ni 100.

Hayo ni ya kukariri tu. Mimi moyo wangu uko pale namba inapokutana na kinachohesabiwa, na hasa kinachohesabiwa kikiwa ni binadamu. Kazi yangu maisha yote imekuwa takwimu. Nilizisomea Leningrad, mji ambao leo umerudishiwa jina lake la St Petersburg, katika miaka ya mwisho ya Umoja wa Kisovyeti, kisha nikarudi nyumbani kuhesabu watu, mifugo na mashamba. Huko ndiko nilikojifunza kuhesabu upya kama mtoto, na huko ndiko lilikonishika swali ambalo naliona ni la dini kabla halijawa la takwimu: mtu akishaingizwa kwenye idadi, anabaki kuwa nani?

Sarufi ya Kirusi ndiyo iliyonifungulia mlango. Moja kwao hujibadilisha kufuata jina: odin stol, meza moja, odna kniga, kitabu kimoja, odno okno, dirisha moja. Kijana wa Kiswahili haoni ajabu, tangu utoto anasema mtu mmoja, kitu kimoja, jambo moja. Lakini baada ya mbili, tatu na nne, Warusi huliweka jina katika umbo la umoja lenye kumilikisha. Dve knigi ni kana kwamba unasema "mbili za kitabu". Ikifika tano, umbo linageuka ghafla kuwa la wingi: pyat knig, "tano za vitabu". Umri nao ni hivyo hivyo. Mwaka mmoja ni odin god, miwili dva goda, mitatu na minne bado goda. Mtoto akitimiza mitano, neno lenyewe linabadilika, inakuwa pyat let, na let asili yake ni neno la majira ya joto.

Wanaisimu watakueleza kwamba haya ni mabaki ya umbo la uwili la Kislavoni cha kale, umbo ambalo Kiarabu bado kinalo. Maelezo yao ni sahihi. Wataalamu wa akili za binadamu nao wana lao: jicho la mtu hutambua vitu viwili, vitatu, mara nyingi hata vinne kwa kuvitazama tu, papo hapo, vikizidi hapo, lazima ahesabu. Nikiyaweka maelezo haya mawili pamoja, naona kwamba mpaka ule wa lugha umeangukia karibu kabisa na mpaka wa jicho. Hadi wanne, tunawaona. Kuanzia wa tano, tunawahesabu. Nasi tuna mpaka wetu, japo sababu yake ni nyingine: tunasema watu watano, tukivuka tu tunasema watu sita, watu saba, watu tisa, kwa kuwa namba hizo zilitoka Kiarabuni na hazikukubali kuvaa viambishi vyetu.

Kuna kanuni moja zaidi, na vijana wangu huilalamikia mno. Ukifika 21, jina linarudi kuwa umoja. Dvadtsat odin student: ishirini na mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi huyo yuko peke yake, katika umbo lake la kwanza kabisa, kana kwamba wale ishirini hawapo. Sto odna kniga, vitabu mia na kimoja, na kitabu ni kimoja. Hata ukihesabu milioni moja na mtu mmoja, yule aliyekuja mwisho, umati ukiwa umeshakamilika, anasimama kwa umoja wake. Hawa vijana huniambia, "Mwalimu, hii si mantiki." Mimi naipenda kanuni hii kuliko zote.

Mwalimu wetu wa Kirusi katika mwaka wa maandalizi alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa mji ule, tuliyemwita kwa jina lake na la baba yake kama heshima yao inavyotaka. Alikuwa mtoto Leningrad ilipozingirwa na jeshi la Wajerumani, kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, siku 872. Tulipofika kwenye mamia aliandika ubaoni namba moja, 125, akamwinua kila mmoja wetu aisome. Sto dvadtsat pyat. Wa kwanza alisoma mbio kwa kujionyesha kwamba ameiva. Akamwambia arudie taratibu. Wote tulipomaliza ndipo akatueleza. Gramu 125 ndiyo iliyokuwa posho ya mkate kwa siku kwa mtoto, kwa mtegemezi na kwa mfanyakazi wa ofisini, kuanzia tarehe 20 Novemba hadi 25 Desemba 1941. Mkate wenyewe haukuwa unga mtupu. Ulichanganywa na selulosi na makapi ya mbegu. "Namba hii," alisema, "kwetu husomwa polepole."

Joto lilipopoa alitupeleka Piskaryovka, makaburi yaliyo kaskazini mwa mji. Sijui niseme nini kwa aliyezoea makaburi yetu, ambako kila aliyelala ana mwinuko wake wa udongo na jiwe la kichwani na la miguuni, hata kama hayana maandishi. Pale kuna makaburi ya halaiki 186, matuta marefu ya majani yaliyopangwa sambamba, na humo wamelala raia wapatao 420,000 pamoja na makumi ya maelfu ya askari. Kwenye kila tuta kuna bamba la jiwe lililochongwa mwaka tu: 1942, 1942, 1942, tena 1942. Raia wamewekewa alama ya nyundo na mundu, askari wamewekewa nyota. Majina hayapo. Nilijaribu kuwaombea na nikakwama, kwa kuwa dua niliyoizoea humtaja maiti kwa jina lake na la mzazi wake, na mbele yangu palikuwa na mwaka.

Banda la maonyesho la pale lina nakala ya kurasa za daftari dogo la msichana aitwaye Tanya Savicheva, aliyezaliwa 1930. Kurasa ni tisa. Katika sita za kwanza aliandika vifo vya jamaa zake sita, kila mmoja kwa jina, tarehe na saa: dada yake Zhenya mwishoni mwa Desemba 1941, kisha bibi yake, kaka yake, ami zake wawili, na mama yake tarehe 13 Mei 1942 asubuhi. Katika tatu za mwisho akaufunga ukoo wote, na kwenye ukurasa wa tisa akaandika kwamba amebaki Tanya peke yake. Neno alilotumia kusema peke yake ni odna, lile lile la odna kniga, moja ya kike, neno ambalo sisi tulilikariri wiki ya kwanza tukiwa na midomo imejaa chai. Tanya mwenyewe alifariki tarehe 1 Julai 1944, mbali na mji, baada ya kuhamishwa. Hakujua kwamba dada yake Nina na kaka yake Mikhail walikuwa hai.

Niliisoma ile odna nikiwa nimesimama ndani ya banda lile, matuta yale yakiwa nje, na hapo nikaelewa kazi niliyokuja kuisomea. Laki nne na ishirini elfu ni hesabu niliyoweza kuiandika, kuigawanya na kuichorea jedwali. Kilichokuwa ndani yake ni odin na odna, mara laki nne na ishirini elfu. Mtakwimu anayesahau hilo hata dakika moja, kalamu yake ni ya hatari.

Hatari hiyo ina historia, na wahadhiri wetu wa demografia walianza kuizungumza kwa sauti katika miaka ile ya mwisho, miaka ya sera ya uwazi. Tarehe 6 Januari 1937 Umoja wa Kisovyeti ulifanya sensa ya siku moja. Kwa amri ya Stalin mwenyewe dodoso liliwekewa swali la dini, kwa kila mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea. Fikirini mazingira: makanisa yamefungwa na kubomolewa, misikiti imegeuzwa maghala, mapadri na masheikh wanakamatwa, na karani wa serikali anakaa mezani kwako, jina lako ameshaliandika, anakuuliza, "Unaamini?" Watu zaidi ya milioni 55 walijibu ndiyo. Waliokana walikuwa takriban milioni 42. Miongoni mwa waliokiri, zaidi ya milioni 8 walikuwa Waislamu. Mimi nimesoma sana juu ya mashahidi wa imani, wa dini yangu na wa dini nyingine, lakini sijui tukio jingine ambalo watu wengi kiasi hicho walitoa shahada yao kwa karani, usiku mmoja, bila kujua kwamba jirani naye amejibu hivyohivyo. Kila mmoja alijibu akiwa odin.

Jumla ya watu nayo ilitoka milioni 162. Miaka mitatu kabla, Stalin alikuwa ameshatangaza mbele ya chama chake kwamba nchi ina watu milioni 168. Tofauti hiyo ilikuwa na maelezo, na kila mtakwimu aliyahisi: njaa ya 1932 na 1933 ilikuwa imeua mamilioni huko Ukraine, Kazakhstan, bonde la Volga na kaskazini mwa Kaukazi, na mamilioni wengine hawakuzaliwa. Waliokufa hawakuruhusiwa kutajwa magazetini. Walikuja kutajwa na kutokuwapo kwao kwenye jedwali. Serikali ilitangaza kwamba sensa ilikuwa na kasoro, matokeo yakafungiwa. Olimpiy Kvitkin, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya sensa, alikamatwa na kupigwa risasi. Ivan Kraval, mkuu wa takwimu wa nchi nzima, naye vivyo hivyo. Mwaka 1939 ikafanywa sensa nyingine, na namba iliyotangazwa, zaidi ya milioni 170, ikampendeza aliyeitaka. Zile karatasi za 1937 zilikaa kabatini hadi dola yenyewe ilipokuwa inakaribia kuvunjika.

Nawataja Kvitkin na Kraval mbele ya vijana wangu kwa sababu watu wengi hudhani kuhesabu ni kazi ya baridi. Wale walihesabu kwa ukweli, na ukweli ule ulikuwa aina ya mazishi kwa watu ambao hawakuzikwa. Kwetu sisi Waislamu, ushahidi wa uongo umo katika madhambi makubwa, na anayeficha ushahidi moyo wake umeshaingia dhambini. Mimi naamini idadi ni ushahidi. Anayeipunguza ameua mara ya pili, na anayeiongeza amewazulia watu uhai ili kuficha maiti.

Najua wapo wanaosema kwamba kuhesabu watu kwenyewe ni makosa, nami sitaki kuwapuuza, maana wana msingi wa zamani sana. Katika Biblia, mfalme Daudi aliamuru watu wahesabiwe, jemadari wake Yoabu akamsihi asifanye hivyo, na baada ya hesabu ikaja tauni. Katika Kutoka imeamriwa kwamba wakati wa kuhesabu, kila mtu atoe nusu shekeli kuwa fidia ya nafsi yake. Huku kwetu Waafrika wengi wamekatazwa na wazee wao kuhesabu watoto au ng'ombe kwa kidole. Wagikuyu, wakizitaja koo zao zilizo kumi, husema tisa kamili. Huu si ujinga. Wazee walijua kwamba anayehesabu huanza kujiona mwenye mali.

Katika sensa ya 2002 nilisimamia makarani katika vijiji vya Handeni. Nyumba moja mama alimkatalia karani wangu katakata. "Watoto hawahesabiwi, mwanangu. Mungu kawaleta, hesabu yao anayo." Karani alikuwa kijana mpole lakini alishachoka, akaniita. Nilimsalimu yule mama, nikaketi kwenye kigoda, nikamwambia, "Mama, basi usinihesabie. Nitajie tu waliolala hapa usiku wa kuamkia sensa, kwa majina." Akatabasamu. Akaanza kuwataja kwa mpangilio wake mwenyewe, kuanzia mjukuu aliyekuwa mgongoni, kila mmoja na neno lake dogo: huyu mkorofi, huyu ana pumu, huyu ndiye anayenisaidia kuni. Nikaandika. Alipomaliza hakuuliza ni wangapi. Aliuliza, "Umewapata wote?" Nimehudhuria mikutano mingi ya wataalamu wenye majoho, na sijasikia swali la sensa lililo bora kuliko lile.

Hapo naona suluhu ya mgogoro wa Yoabu na Daudi. Kuna kuhesabu kunakoanza na jumla, kwa kuwa mkubwa anataka kujua ana askari wangapi, walipa kodi wangapi, kura ngapi. Kuna kuhesabu kunakoanza na jina, na jumla ikaja mwisho ili asisahaulike mtu. Dodoso linaweza kuwa lile lile. Nia ndiyo inayotofautisha, na kwetu amali zote hupimwa kwa nia.

Lakini kwa nini mtu awe na uzito huo wa kukataa kumezwa na jumla? Jibu langu nililipata kwa njia ya mzunguko, Moscow, wakati wa likizo, katika Jumba la Sanaa la Tretyakov. Pale kuna mchoro mkubwa wa Vasily Surikov wa mwaka 1887. Mwanamke wa ukoo bora, Morozova, anakokotwa juu ya kitelezi cha theluji kwa minyororo, uso umekauka, na mkono wa kulia ameuinua juu ya umati akionyesha vidole viwili. Niliuliza maana yake. Nikaambiwa kwamba mwaka 1653 Patriaki Nikon aliwaamuru Warusi waache kujifanyia ishara ya msalaba kwa vidole viwili, desturi ya baba zao, watumie vitatu kama Wagiriki. Vidole viwili vilitaja kwamba Kristo ana asili mbili. Vitatu vilitaja Utatu. Aleluya nayo, iliyokuwa ikiimbwa mara mbili, ikawa mara tatu. Maelfu walikataa. Morozova alikufa kwa njaa gerezani 1675. Padri Avvakum alichomwa moto 1682. Dva ama tri: namba ambazo mtoto wa darasa la kwanza anaziimba, watu walizifia.

Nilisimama mbele ya mchoro ule mimi ambaye kila nikikaa tahiyatu nainua kidole kimoja. Sikuona kichekesho, wala sikuona upuuzi. Nilijiuliza tu kama Mungu anahesabika kwa vidole, viwe vitatu au kimoja.

Miaka mingi baadaye nilikuta kwamba wakubwa wa pande zote mbili, Ukristo na Uislamu, walishalijibu swali hilo. Basili wa Kaisaria, katika karne ya nne, aliandika kitabu juu ya Roho Mtakatifu, na humo anakataa kwamba Wakristo humhesabu Mungu kwa kujumlisha, kutoka mmoja kwenda wengi. Upande wetu, katika hotuba zinazonasibishwa kwa Imam Ali ndani ya Nahj al-Balagha, Mwenyezi Mungu anasifiwa kuwa Mmoja, lakini si kwa maana ya idadi. Sisemi kwamba Basili na Ali wanaamini kitu kimoja. Tofauti ya Utatu na Tauhidi ni ya kweli na sitaifunika kwa maneno laini. Nasema wote wawili walitambua kwamba kuna umoja ambao si wa kwanza kwenye safu. Ile moja ya kuhesabia hungoja mbili. Umoja wa Mungu haungoji chochote.

Na kila nafsi, naamini, imepewa kivuli cha umoja huo. Ndiyo maana mama hafarijiki ukimwambia amebakiwa na wengine watano. Mchungaji wa Injili anayewaacha tisini na tisa amtafute mmoja hafanyi hesabu mbaya. Anajua kwamba yule mmoja haendi kwenye safu. Katika Sura ya Kahf watu wanabishana juu ya vijana wa pangoni, walikuwa watatu na mbwa wao wa nne, au watano, au saba, na Mtume anaelekezwa asiingie kwenye ubishi huo, maana Mola ndiye ajuaye idadi yao. Na mwishoni mwa Sura ya Maryam imo aya ninayoirudia kila niingiapo kazini. Inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu amewadhibiti viumbe wote na kuwahesabu sawasawa. Inayofuata inasema kila mmoja wao atamjia Siku ya Kiyama akiwa peke yake. Hesabu kamili, na hapo hapo upweke kamili. Kwa Mungu mambo haya mawili hayapigani. Yeye hana mpaka wa wanne kama jicho letu.

Sisi tunao. Mpaka huo hauondoki kwa kusali wala kwa kusoma. Nikiambiwa wamekufa watu 800, akili yangu haiwezi kuwaona. Kwa hiyo tuliobakiwa na kuhesabu tunadaiwa uaminifu wa aina mbili: jumla iwe ya kweli, na njia ya kurudi kutoka kwenye jumla hadi kwa mtu mmoja isizibwe. Tanya, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye penseli, aliutimiza wa pili vizuri kuliko taasisi nyingi.

Hapa kwetu, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Hadi leo waliokufa hutajwa kwa makadirio, mamia kadhaa, karibu elfu, na wengi wamelala pamoja katika makaburi ya Igoma. Nimefika Igoma, na nilikwama katika dua kama nilivyokwama Piskaryovka. Tofauti ni kwamba Leningrad kulikuwa na vita. Bukoba kulikuwa na karani, meza na kalamu, na abiria maskini walipita mbele ya kalamu hiyo bila kuandikwa.

Vijana wangu wanaondoka Septemba. Nimeshawaambia wakifika wajifunze dvadtsat odin student hadi iwakae, na siku moja waende Piskaryovka. Kwa wenye meli, boti na mabasi ya usiku nina ombi: abiria wa nauli ya chini aandikwe jina lake kamili kabla chombo hakijaondoka. Na wewe unayesoma, sensa ijayo karani akibisha hodi kwako, mkaribishe, umtajie kila aliyelala nyumbani mwako usiku ule, pamoja na mgeni na mtoto aliyezaliwa jana, na usimwache aende mpaka amekuthibitishia kwamba amewapata wote.